Nani Analia Chini ya Boneti? Mwongozo Kamili wa Kusaka Kelele za Mikanda na Puli kwenye Gari la Zamani

Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, ukipita saa 12 asubuhi mitaa ya Sakina au Njiro hapa Arusha utasikia magari yakiamka kwa kelele. Mlio mkali wa sekunde kadhaa, kisha kimya. Tiba inayojulikana na wengi ni moja: nunua fenibelti mpya. Mkanda unanunuliwa, kelele inatulia wiki mbili, halafu inarudi. Unanunuliwa mwingine, unakazwa zaidi ya ule wa kwanza, na baada ya muda alteneta (inayochaji betri) au wota pampu (inayozungusha maji ya kupoza injini) inakufa.

Mkanda ni mpira tu. Ukilia, mara nyingi kuna kitu kinachoufanya ulie: puli (gurudumu ambalo mkanda unapita juu yake) iliyokaa upande, beringi (duara la gololi linaloiwezesha puli kuzunguka) iliyokauka, kishikio cha alteneta kilicholika, oili inayovuja juu yake. Kwa hiyo kabla hujatoa shilingi kununua spea yoyote, jua kwanza nani analia. Vipimo karibu vyote vilivyomo humu unaweza kuvifanya nyumbani ukiwa na bisibisi ndefu, tochi, chupa ya maji, rula ya chuma na spana chache. Nimewalenga wenye magari yanayoonekana kila siku Arusha na Moshi: Land Cruiser za injini ya 1HZ zinazopeleka wageni mbugani, Hiace za injini ya 3L na 5L tunazoziita vifodi, Noah za injini ya 3S, na magari madogo kama IST.

Usalama kwanza

Mkanda unaozunguka hausamehi kidole. Vua shuka, kanga, tai, mtandio, saa na pete, funga nywele, kunja mikono ya shati. Gari liwe mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, gia huru au kwenye P. Kila unapotaka kugusa kwa mkono kitu chochote mbele ya injini, zima na utoe ufunguo kabisa, kwa sababu magari mengi yenye feni ya umeme yanaweza kuwasha feni ufunguo ukiwa umeachwa umewashwa. Noah ya zamani ina injini chini ya viti vya mbele, hivyo kiti kinapoinuliwa uso wako unakuwa karibu sana na mikanda. Hapo usiruhusu mtu mwingine apige stata bila wewe kusema.

Ijue mikanda ya gari lako

Ipo mikanda ya aina mbili. Wa kwanza ni wa umbo la V, mwembamba na mnene, unaopatikana kwenye injini kama 1HZ, 2L, 3L na 5L. Wa pili ni mkanda bapa wenye mistari kwa ndani, kama ule wa IST, ambapo mkanda mmoja unazungusha wota pampu, alteneta na kompresa ya AC.

Mkanda wa V unashika puli kwa pembeni zake mbili, haushiki kwa tumbo. Ukiutazama ukiwa ndani ya mfereji wa puli, mgongo wake unatakiwa uwe sawa na mdomo wa puli au uzidi kidogo. Ukiona umezama, na chini kabisa ya mfereji chuma kinang'aa, basi mkanda umekwisha au puli yenyewe imelika: mkanda unakanyaga chini, pembeni hazishiki tena. Utaukaza mpaka uchoke na bado utateleza. Pale ambapo mikanda inakwenda miwili sambamba, kama ya feni kwenye 1HZ, ibadilishe yote miwili kwa pamoja. Ukichanganya mpya na mzee, mpya unabeba kazi yote peke yake na mzee unapigapiga tu.

Jambo moja la wenye Hiace na Hilux za 2L, 3L na 5L: nyuma ya alteneta kuna pampu ya vakyumu inayosaidia breki. Mkanda wa alteneta ukikatika, hupotezi chaji tu. Maji yanaacha kuzunguka, na breki inakuwa ngumu baada ya kukanyaga mara chache. Fikiria hilo likikukuta unashuka kutoka Marangu kwenda Himo ukiwa na abiria. Kelele ya mkanda kwenye gari la aina hiyo isisubiri mwisho wa mwezi.

Sikiliza kabla ya kushika spana

Fundi mzuri anaanza na maswali, na wewe mwenye gari ndiye mwenye majibu. Kelele inatokea gari likiwa baridi tu, au hata likiwa la moto? Siku ya mvua inazidi? Ukiwasha AC je? Ukikata usukani? Ukikanyaga mafuta inaongeza kasi pamoja na injini, au inapotea? Andika kwenye simu, na ikiwezekana rekodi sauti, kwa sababu gari lina tabia ya kunyamaza likifika gereji.

Kriii ndefu asubuhi, inayoisha ndani ya dakika moja. Huu ni mkanda unaoteleza. Asubuhi ya baridi mpira unakuwa mgumu, unyevu wa usiku umekaa kwenye puli, na wakati huohuo betri imetoka kupiga stata, hivyo alteneta inafanya kazi nzito kuirudishia chaji. Vitu vitatu vinakutana kwa mkupuo. Ndiyo maana betri iliyochoka huongeza mlio: alteneta inakaa kwenye kazi nzito muda mrefu zaidi. Uhakikishe hivi: injini ikiwa inaunguruma bila kukanyaga mafuta, washa taa kubwa, feni ya ndani mpaka mwisho na kifuta ukungu cha kioo cha nyuma. Mlio ukiongezeka, mkanda wa alteneta unateleza. Kisha kata usukani mpaka mwisho kwa sekunde mbili tatu tu, usizidishe. Ukilia hapo, ni mkanda wa pampu ya stelingi.

Chwi-chwi-chwi, fupifupi, kama kifaranga aliyepotewa na mama. Unaisikia vizuri injini ikiwa taratibu, na ukikanyaga mafuta mara nyingi inamezwa na kelele nyingine. Hii ni dalili ya puli zisizokaa kwenye mstari mmoja, na huonekana zaidi kwenye mikanda yenye mistari. Ila kwanza angalia mawe. Ukitoka barabara za vumbi za Simanjiro au Longido, kokoto ndogo inaweza kujikita kwenye mstari wa mkanda na kugonga kila inapopita kwenye puli. Ichokoe kwa bisibisi ndogo, injini ikiwa imezimwa, halafu usikilize upya.

Gra-gra-gra, mkwaruzo au mngurumo mzito unaopanda na kushuka pamoja na injini, baridi na moto. Hapo ni beringi. Hata ukibadilisha mkanda kila wiki, hautasaidia kitu.

Ta-ta-ta ya chuma kwa chuma: bolti ya kishikio imelegea, tenshena (mkono wenye puli unaokaza mkanda) imechoka na inarukaruka, sahani ya mbele ya kompresa ya AC inacheza, au puli ya krenki (mhimili mkuu wa injini) imeachana na mpira wake. Hiyo ya mwisho nitaieleza peke yake, kwa sababu inasahaulika sana.

Uuuu unaoongezeka ukikata usukani: angalia kwanza mafuta ya stelingi kama yamepungua. Uuuu mwembamba unaobadilika ukiwasha taa, lakini mkanda umekaza vizuri, mara nyingi unatoka ndani ya alteneta yenyewe, upande wa umeme. Huyo mpelekee fundi umeme wa magari.

Kwa AC kuna mtego mzuri. Puli ya kompresa huzunguka muda wote injini ikiwaka, hata AC ikiwa imezimwa. AC ikizimwa, puli inazunguka juu ya beringi yake huku mhimili wa kompresa umesimama. Ukiwasha, puli na mhimili vinashikana na kuzunguka pamoja. Kwa hiyo kelele inayosikika AC ikiwa imezimwa na kunyamaza ukiiwasha ni beringi ya puli ya kompresa. Kelele inayoanza ukiwasha tu ni kompresa yenyewe, au mkanda wake unashindwa na mzigo. Beringi inabadilishwa peke yake, kwa hiyo usikubali kuuziwa kompresa nzima kwa sababu ya beringi.

Kipimo cha maji

Chukua chupa yenye tundu dogo kwenye kifuniko, weka maji safi. Injini ikiwa inaunguruma na kelele inasikika, simama pembeni, si mbele ya feni, na urushe maji kidogo upande wa ndani wa mkanda, ule unaogusa puli. Sikiliza kinachotokea.

Kelele ikipotea kwa muda mfupi halafu ikarudi maji yakikauka, puli hazipo kwenye mstari. Ikizidi papo hapo, mkanda unateleza: haujakaza vya kutosha, tenshena imechoka, au mkanda umekwisha. Isipobadilika kabisa, elekea kwenye beringi. Ni kipimo cha nusu dakika, na kingewaokolea watu wengi hela zao. Rusha maji kwenye mkanda tu. Usimwage kwenye alteneta wala kwenye waya za plagi.

Sabuni ya kipande, mshumaa, grisi, soda: nimeviona vyote vikipakwa. Vinanyamazisha kwa siku moja mbili kwa sababu vinapunguza msuguano, na msuguano ndio kazi ya mkanda. Grisi na oili zinafanya vibaya zaidi, zinauvimbisha mpira na kuulainisha. Mkanda uliokwisha kunywa oili hauoshwi ukapona. Tafuta kwanza oili inatoka wapi, ziba, safisha mifereji ya puli kwa maji ya sabuni na brashi ya waya, kausha, ndipo ufunge mpya.

Tazama mkanda kwa tochi

Injini imezimwa, ufunguo mfukoni. Ukague mkanda wote, si kipande kinachoonekana juu tu. Uzungushe injini kidogo kwa spana kwenye bolti ya puli ya krenki, uangalie kipande kinachofuata.

Pembeni za mkanda wa V zikiwa zinang'aa kama kioo, umekuwa ukiteleza na kuungua. Ukiwa umelika upande mmoja tu, puli imekaa upande. Nyuzi zinachomoza pembeni: ubadilishe leo. Kwa mikanda yenye mistari, ile ya mpira wa zamani hupasuka mipasuko ya kukatisha; ukikuta mitatu au zaidi ndani ya urefu wa milimita 75, muda wake umekwisha. Lakini mikanda mingi ya miaka hii ya 2000 na kuendelea imetengenezwa kwa mpira wa EPDM ambao haupasuki kirahisi. Unalika polepole, kama tairi, mpaka nafasi kati ya mistari inakuwa pana na mkanda unakanyaga chini ya mifereji ya puli. Huo unaweza kuonekana mzima kabisa na bado ukawa umekwisha. Pitisha ukucha kati ya mistari ya mkanda, linganisha na mpya dukani, utahisi tofauti ya kina.

Bisibisi sikioni

Hapa unatafuta beringi. Injini ikiwa inaunguruma, shika bisibisi ndefu, ncha yake iguse sehemu isiyozunguka iliyo karibu na beringi: mwili wa alteneta mbele na nyuma, mwili wa wota pampu, mwili wa kompresa, bolti ya kishikio cha tenshena. Mpini uweke kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Beringi nzima inatoa mvumo laini usiobadilika. Inayokufa inatoa mkwaruzo ambao huhitaji kuambiwa na mtu, utausikia mpaka kwenye meno.

Rudia kila mahali na ulinganishe, kwa sababu sauti inasafiri kwenye chuma, na sehemu iliyo jirani na mgonjwa nayo italia kidogo. Anayepiga kelele zaidi ndiye wako. Kama nafasi ni finyu na unaogopa ncha kugusa mkanda, tumia kipande cha mpira wa bomba cha kama mita moja. Ncha moja sikioni, nyingine uipitishe hewani karibu na kila puli bila kugusa.

Toa mkanda, washa injini

Hiki ndicho kipimo kinachomaliza ubishi. Kabla ya kufungua, piga picha jinsi mkanda unavyopita. Legeza, toa, hakikisha hakuna kitu kinachoning'inia, kisha washa injini kwa muda usiozidi nusu dakika. Kumbuka kwamba kwenye injini nyingi umeisimamisha wota pampu, na kwenye 5L hakuna vakyumu ya breki, kwa hiyo gari lisitembezwe hata hatua moja.

Kelele ikiwa imepotea, mgonjwa yuko miongoni mwa vitu vinavyozungushwa na mkanda huo. Gari likiwa na mikanda miwili au mitatu tofauti, toa mmoja mmoja, utajua ni wa upande gani. Kelele ikibaki palepale, iko ndani ya injini au upande wa taiming (mkanda au cheni inayooanisha krenki na valvu), na hilo nitalifikia.

Sasa zima injini, utoe ufunguo, uzungushe kila puli kwa mkono. Watu wengi wanafurahia puli inayozunguka muda mrefu kwa wepesi, kumbe hiyo ndiyo ya kuogopwa. Beringi nzima ya tenshena au ya puli ya katikati ina grisi, na grisi inaishika kidogo: ukiisukuma inazunguka kimya, mara chache, inasimama. Inayozunguka bila kukoma huku ikitoa sauti kavu imekwisha kupoteza grisi yake. Inayokwama na kuachia mahali fulani ina gololi au njia yake iliyoharibika.

Baada ya kuzungusha, shika puli kwa vidole pande mbili, juu na chini, uisukume na kuivuta. Isicheze. Kwenye wota pampu, mulika tochi chini ya mhimili wake. Kuna kitundu kidogo cha kutolea maji yaliyopenya sili. Ukikuta pamekauka ukoko wa kijani, mwekundu au mweupe ulioteremka chini ya kitundu, pampu imeanza kuvuja na beringi yake inaoshwa na maji. Hiyo haikarabatiwi barabarani. Agiza pampu mapema, kwa sababu Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na maji yasiyokuwa kwenye presha yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfumo wa kupoza ukivuja, nafasi uliyonayo ni ndogo kuliko ya mtu wa Dar es Salaam.

Feni nayo isiachwe. Magari yenye feni inayozungushwa na injini yana klachi ya feni. Shika pangaboi, itikise mbele na nyuma. Ikicheza, au ukiona mafuta mazito yenye vumbi yametapakaa katikati yake, klachi imechoka, na mngurumo wake unafanana sana na wa beringi ya wota pampu.

Mstari wa puli

Puli zote zinazoshiriki mkanda mmoja lazima zitazame upande mmoja, kwenye usawa mmoja. Kipimo cha kukumbuka ni kutozidi milimita 1.5 kwa kila sentimita 30 za mkanda. Weka rula ya chuma iliyonyooka ikatishe uso wa puli ya krenki na uso wa puli nyingine zenye unene sawa. Inatakiwa iguse sehemu nne bila mwanga kupita. Pasipo nafasi ya rula, simama upande wa gari, funga jicho moja, utazame mkanda unavyoingia kwenye puli. Ukiingia kwa kupinda, utaona.

Kuna Hiace moja ya abiria ya njia ya Moshi na Arusha iliyokuwa imebadilishiwa mikanda mpaka dereva amekata tamaa. Ukiitazama kutoka juu, alteneta imenyooka kabisa. Tulipolegeza mkanda ikakaa vizuri. Tulipoukaza, rula ikaonyesha mwanga upande mmoja tu wa puli ya alteneta. Tundu la bolti ndefu ya chini, ile ambayo alteneta inaegemea, lilikuwa limelika na kuwa na umbo la yai. Kila mkanda ulipokazwa, alteneta iliinamisha kichwa kuelekea mbele. Fundi wa kuchonga vyuma alipanua tundu, akapachika bushi, ikafungwa bolti mpya. Mkanda uliokuwa unalia ndio huohuo uliobaki kufanya kazi. Kwa hiyo mstari upime mkanda ukiwa umekazwa. Ukiwa umelegea unakudanganya.

Sababu nyingine za mstari kuharibika ni alteneta ya mtumba ya gari lingine iliyolazimishwa kukaa, washa zilizosahaulika baada ya matengenezo, na tenshena ambayo mkono wake umechoka ukainama.

Puli ya krenki na rangi ya kucha

Puli ya krenki kwenye injini nyingi si chuma kimoja. Kuna kitovu cha ndani, duara la nje, na katikati yake mpira unaomeza mtetemo wa krenki. Miaka ikipita, pamoja na joto na oili ya sili ya mbele iliyovuja, mpira huo unaachia. Duara la nje linaanza kuteleza au kutembea mbele na nyuma, na mkanda unakosa mstari ingawa kila kitu kingine ni kizima. Nimeona watu wakibadilisha alteneta kwa kosa la puli hii.

Itazame injini ikiunguruma taratibu: duara la nje lisiyumbe. Halafu zima, safisha uso wa puli, na kwa rangi ya kucha nyeupe chora mstari mmoja mnyoofu kuanzia kitovu, ukatishe mpira, mpaka duara la nje. Acha ukauke. Tembeza gari kama kawaida siku moja, uwashe taa na AC, kisha fungua boneti uangalie. Mstari ukiwa bado mmoja, mpira umeshika. Kipande cha nje kikiwa kimehama kutoka cha ndani, puli imeachana. Hiyo inabadilishwa nzima, haichomelewi. Ukiichomelea umeuondoa ule mpira, na mtetemo wote unarudi kwenye krenki.

Kununua na kufunga beringi

Puli nyingi za tenshena na za katikati zinaweza kufungwa beringi mpya kwa sehemu ndogo ya bei ya puli nzima. Itoe, usafishe ukingo wake, usome namba. Ukiona 6203, ni beringi ya tundu la milimita 17, kipenyo cha nje 40 na unene 12. 6303 ina tundu hilohilo la 17 lakini nje ni 47 na unene 14, kwa hiyo usikubali ya karibu na hiyo. Herufi zinazofuata nazo ni muhimu. ZZ ni vifuniko vya chuma, 2RS ni vya mpira pande zote mbili. Kwa vumbi letu, hasa magari ya Ngorongoro na Serengeti, chukua 2RS. C3 maana yake beringi ina nafasi kubwa kidogo ndani kwa ajili ya kupanuka na joto. Kama ya zamani iliandikwa C3, rudisha C3.

Wakati wa kuipachika ndani ya puli, msukumo uende kwenye duara la nje la beringi, kwa presi au kwa kipande cha bomba chenye kipenyo kinacholingana nalo. Ukimwona chalii wa gereji anagonga duara la ndani kwa nyundo, mzuie kwa upole. Kila pigo linapita kwenye gololi na kuacha vishimo kwenye njia yake, na beringi mpya itaanza kunguruma kabla haijamaliza mwezi.

Pampu za maji ya presha za sehemu za kuoshea magari nazo ni adui mkubwa wa beringi. Maji yakielekezwa moja kwa moja kwenye puli yanapenya sili na kubeba vumbi ndani. Waambie waoshaji wafute mbele ya injini kwa kitambaa.

Kukaza kwa kiasi

Kabla ya mkanda mpya, safisha mifereji na upapase midomo ya puli kwa kidole. Pakiwa na kutu kali au mikwaruzo yenye makali, mpya nao utaliwa. Usiuingize kwa kuusukuma na bisibisi juu ya mdomo wa puli, kwani nyuzi za ndani zinakatika bila wewe kuona. Legeza alteneta mpaka mwisho, uuweke kwa mkono.

Kaza, kisha bonyeza kwa kidole gumba katikati ya sehemu ndefu kati ya puli mbili, kwa nguvu kama ya kilo 10. Mkanda wa V uliokwisha kutumika ushuke kama milimita 10 hadi 12, mpya kidogo chini ya hapo. Kitabu cha gari lako kikitoa kipimo chake, kifuate hicho. Ukitumia nondo kuisukuma alteneta, egemeza kwenye sehemu nene ya mwili wake wa mbele, usiweke kwenye kifuniko cha nyuma.

Washa kwa robo saa, zima, pima tena. Mkanda mpya wa V hukaa kwenye mfereji na kulegea kidogo, hilo ni la kawaida. Pima mara nyingine baada ya kilomita mia chache. Ukiweka bisibisi kwenye alteneta au wota pampu na kusikia inavuma kuliko kabla hujakaza, umezidisha: legeza.

Mkanda wenye tenshena ya kujikaza haukazwi kwa mkono. Tazama mkono wa tenshena injini ikiunguruma. Mtikisiko mdogo ni sawa, lakini ukirukaruka kwa nguvu, spring au kizuizi chake kimekwisha.

Kelele ikibaki baada ya yote haya

Kama mikanda ya nje ilitolewa na sauti ikaendelea, weka bisibisi kwenye kifuniko cha taiming. Mvumo au mkwaruzo hapo ni beringi ya tenshena ya taiming, au mkanda unagusa kifuniko. Kwenye 3S wota pampu nayo inazungushwa na mkanda wa taiming, hivyo beringi yake inalia upande huohuo. Kwa injini za cheni kama ya IST, mkorogo wa chuma wakati wa kuwasha unaweza kuwa cheni au tenshena yake, na mara nyingi unaanzia kwenye oili isiyobadilishwa kwa wakati.

Mkanda wa taiming wa injini nyingi hizi za Toyota hubadilishwa kila kilomita 100,000. Land Cruiser na Hiace za dizeli zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi, lakini taa hiyo inahesabu kilomita tu, haiuoni mkanda. Gari la mtumba ambalo kilomita zake huziamini, au ambalo taa yake iliwahi kuchomolewa, lihesabu kuwa halijabadilishwa. 1HZ mkanda ukikatika, valvu na pistoni zinakutana. Kwa hiyo ukisikia kelele nyuma ya kifuniko hicho uko Usa River na ulikuwa unakwenda Karatu, zima hapohapo uite gari la kuvuta.

Mkanda wa nje uliotolewa ukiwa bado haujachanika ufunge kwa mfuko, uuweke chini ya kiti kama akiba ya njiani, pamoja na spana za saizi ya bolti za alteneta yako, nyingi zikiwa namba 12 na 14.